Sura ya Tano: Yaliyomo kwenye Barabara ya Jogoo

Saa kumi na mbili jioni pale Muthurwa, Nairobi, makanga anapiga ubavu wa matatu kwa kiganja na kuanza kuita: "Burma, Shauri, Makadara, Maringo, Jeri! Wawili wa haraka!" Anaita kwa pumzi moja, majina yanafuatana kama shanga kwenye uzi, na kila abiria anasubiri la kwake tu. Wa Makadara anasikia Makadara. Wa Jericho anasikia Jeri. Mengine yanampita kama vumbi.

Mimi pia yalinipita hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Halafu jioni moja, tumekwama kwenye foleni karibu na uwanja wa City, mvua inanyesha na dirisha langu limekataa kufunga, nikatambua kwamba yule kijana aliyening'inia mlangoni alikuwa amenisomea yaliyomo ya kitabu kizima. Burma ni vita vya mbali. Shauri Moyo ni bomoabomoa. Jericho ni Biblia. Na Mbotela, mtaa ambao makanga wengi huuruka kwa kuwa hauko ukingoni mwa barabara, ni kitabu hasa, chenye jalada na kurasa, kilichochapishwa London mwaka 1934.

Hata barabara yenyewe ina kisa. Zamani iliitwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la mlowezi. Uhuru ulipokuja, jogoo, alama ya chama cha KANU, akawika na barabara ikawa yake. Shamba lile tutalifikia mwishoni, maana liko mwisho wa njia.

Masomo yanayofuata ni mafupi. Foleni ya kawaida kutoka Muthurwa hadi Makadara inatosha mawili. Siku ya mvua, manne.

Kariokor na Burma

Kariokor haiko kwenye njia yetu, lakini ndiko mzigo ulikoanzia. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza walianza kumkimbiza jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, wakamkimbiza miaka minne bila kumkamata, toka mpaka wa Kenya hadi ndani ya Msumbiji. Huko kote hakukuwa na barabara za lori, na mbung'o walimaliza punda na ng'ombe. Kilichobaki cha kubebea risasi na unga ni kichwa cha mwanadamu. Vijana wakatolewa vijijini, baadhi kwa hiari, wengi kwa amri ya chifu, wakaandikishwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyewe wakakiita Kariakoo. Dar es Salaam kuna Kariakoo kwa sababu hiyohiyo. Sisi wa Nairobi tukalirudisha jina nusu njia kuelekea Kiingereza tukaandika Kariokor, na matokeo yake jina letu halisomeki vizuri kwa lugha yoyote.

Kwa hesabu za serikali yenyewe, wapagazi waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na unga wa mahindi waliopikiwa haraka haraka ukaliwa haujaiva.

Leo unakwenda Kariokor kununua viatu vya ngozi, kula mbavu za mbuzi, au kutafuta kiondo. Nilimwona mama mmoja pale sokoni akijaribu kiondo kipya. Hakukitundika begani kama wanavyofanya watalii. Alitia ndani mawe matatu ya mizani aliyoomba kwa jirani wa muuzaji, akaupitisha mkanda kwenye paji la uso, akainama kidogo, akatembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi huku ameukaza mkanda kwa vidole viwili. Muuzaji hakusema neno. Naye alijua kwamba kiondo hununuliwa kwa shingo.

Burma ni mtoto wa vita vya pili. Wanajeshi wa King's African Rifles, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia mwaka 1944, matope hadi magotini, Wajapani mbele yao, na Desemba mwaka huo wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Walioponea wakarudi na jina. Likabandikwa soko la nyama, na ukimwambia leo mtu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, "tukutane Burma", anawaza matumbo ya mbuzi na ugali.

Shauri Moyo

Mji wa Pangani wa Nairobi ulipewa jina la Pangani ya pwani ya Tanganyika, na nyumba zake zilijengwa kwa mikono ya wenyewe: udongo, fito, ua wa nyuma, vyumba vya kupangisha. Walikuwa Waswahili, wapagazi waliostaafu, na wanawake waliojinunulia heshima yao kwa kuwa na mlango wao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya manispaa ikaubomoa. Wenye nyumba wakaelekezwa mtaa mpya, upande huu wa mto. Wazee wa hapa husimulia kwamba watu walipouliza kama ni lazima kuhama, jibu likawa hilo hilo linaloandikwa sasa kwenye vibao vya matatu: shauri la moyo wako. Kama kisa ni cha kweli au kimetungwa baadaye ili kupoza uchungu, mimi nakipenda vilevile. Watu walionyang'anywa nyumba waliondoka na jina, na jina ni fumbo. (Pangani, kwa taarifa yako, imebomolewa tena. Mwaka 2020 nyumba za baraza zilizokuwa pale ziliangushwa kupisha magorofa. Mji mmoja, nyundo mbili.)

Ukiwa na sikio la Mswahili, majina ya Eastlands yanasomeka kama kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Makadara, jina lililoletwa toka Mombasa, ndani yake mna kadari ya Mwenyezi Mungu. Bahati. Starehe. Maringo. Pumwani, mahali pa kupumua. Yaliandikwa juu ya vyumba ambamo familia nzima ililala nyuma ya pazia moja. Na hata Bahati haikuwa na bahati: tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, yakapita Eastlands mtaa kwa mtaa yakikusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini.

Mbotela

Hapa foleni hainitoshi.

Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere Unguja kumbana Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Mwezi Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi, soko la watumwa likafungwa. Majahazi hayakukoma, yalianza kupita usiku. Manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata, na likazuka swali gumu: watu hawa waliookolewa waende wapi? Kwao ni mwendo wa miezi, na njiani wangekamatwa tena. Mwaka 1875 wamishenari wa Church Missionary Society (CMS) wakaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita Frere Town. Wakatundika kengele ya kuwaonya watu kama wakamata watumwa wanakuja. Kengele ingalipo, na makanga wa Mombasa hadi leo hupaita mahali hapo Kengeleni. Unaona, makanga wa kwao pia ni wasomaji.

Katika kijiji hicho ndimo alimotoka James Juma Mbotela, mtunzi wa Uhuru wa Watumwa. Kitabu ni kidogo. Kinaanza bara, kijiji kinavamiwa, watu wanafungwa, wanatembezwa hadi pwani, wanapakiwa jahazini; kisha inatokea manowari, kisha Frere Town, kisha shule na kanisa. Ni miongoni mwa simulizi ndefu za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili kuandikwa na Mwafrika na kuchapishwa kitabu kizima, na kilisomwa mashuleni na watu ambao sasa ni mababu.

Nikikisoma leo kinanigusa na kunikera kwenye ukurasa uleule. Kinanigusa kwa sababu mwandishi anaandika yaliyowapata watu wa nyumbani kwao, na uchovu wa miguu yao umo ndani ya sentensi. Kinanikera kwa shukrani zake. Mwingereza katika kitabu hiki hana doa; ameshuka toka mbinguni kwa meli ya chuma. Lakini kisha najiuliza: mtoto wa mtu aliyetolewa minyororo miguuni, wewe ulitaka amshukuru nani?

Tazama lile neno kwenye jalada. Mwaka 1934 "uhuru" ulikuwa jambo ambalo Mwingereza amelileta. Haikupita miaka ishirini, neno lilelile, kwenye mitaa hii ya Eastlands, likawa jambo la kumtoa Mwingereza. Na katikati ya maana hizo mbili akasimama mtu wa ukoo uleule wa Frere Town, Tom Mbotela.

Tom alikuwa amefika juu katika chama cha Kenya African Union (KAU), hadi umakamu wa rais. Alikuwa mtu wa mazungumzo na barua, akaipinga Mau Mau hadharani wakati ambapo kuipinga hadharani kulikuwa hatari. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini. Novemba, wiki chache tu baadaye, Tom Mbotela akauawa usiku hapahapa Eastlands. Mwaka uliofuata akauawa diwani Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Luo Union. Baraza la jiji likachukua majina ya wafu hao wawili likaipa mitaa: Mbotela akapata mmoja, Ofafa akapata Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na ule ambao wakazi, kwa ukarimu wao, wameuita Ofafa Kunguni.

Kuna njia nyingi za kusimulia kifo cha Tom Mbotela. Kwa wengine alikuwa kibaraka. Kwa wengine shahidi wa busara. Miaka yote niliyopita kwenye mtaa huo nikienda kucheza mpira, hakuna aliyenisimulia hata mojawapo. Mbotela lilikuwa jina la mahali pa kununua mandazi.

Na ukoo huo haukunyamaza. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio aliyefariki Februari 2025, ndiye sauti ambayo karibu kila nyumba ya nchi hii imewahi kuisikia. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa jeshi la anga walimtoa nyumbani kwake wakamlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imeanguka. Lakini watu humkumbuka zaidi kwa kipindi alichokianza mwaka 1966, Je, Huu ni Ungwana?, alimokemea wanaotema mate barabarani, wanaobisha hodi usiku wa manane, wanaokula kwa jirani bila kualikwa. Tulikuwa tunacheka. Baba alikuwa akiongeza sauti ya redio hasa pale kosa lililotajwa lilipofanana na la mmoja wetu.

Sikuwahi kulipima lile neno hadi nilipokuwa mtu mzima. Mwungwana, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, si mtu mwenye adabu tu. Ni mtu asiye mtumwa. Adabu ilikuja baadaye, kama nguo juu ya mwili. Basi mjukuu wa watu walioshushwa kwenye jahazi la watumwa alikaa mbele ya maikrofoni kwa miongo mitano akiliuliza taifa zima, wakiwemo wajukuu wa mabwana: je, huu ni ungwana?

Uwanjani

Leonard Mbotela ndiye pia aliyetangaza mpira hadi jina la mchezaji Joe Kadenge likawa salamu. "Kadenge na mpira" watu walisema hata wasipokuwa wanazungumzia mpira. Kadenge alifariki mwaka 2019, na uwanja wa City ulio ukingoni mwa Barabara ya Jogoo, ambao wakati wa ukoloni uliitwa African Stadium, ukapewa jina lake. Jirani yake ni Kaloleni.

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na mafundi wengine walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano. Nyumba za mawe, vigae vyekundu, miti, nyasi katikati. Ukumbi wake wa mikutano ulisikia siasa nyingi kiasi kwamba watu waliuita bunge. Ina maktaba pia, tawi la Maktaba ya McMillan ile ya mjini yenye simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Tawi la Kaloleni lilikaa kimya na kuzeeka hadi wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walipoanzisha Book Bunk mwaka 2017 wakalikarabati pamoja na lile la Makadara. Siku niliyoingia, kijana wa miaka kama tisa alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kitabu wazi mbele yake, kidole kikifuata mistari, na jezi ya kijani mgongoni.

Kijani hicho ni cha Gor Mahia. Klabu iliundwa mwaka 1968, na kwa watu wengi wa Kaloleni ni dini ya pili. Mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, sare 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani, na mabao ya ugenini yakaamua. Lakini jina lenyewe ni la mganga. Gor alikuwa mtu wa Kanyamwa, kusini mwa Nyanza, aliyeishi hadi enzi za mwanzo za ukoloni. "Mahia" kwa Kijaluo ni maajabu. Wasimulizi husema alikuwa akibadili umbo: leo mzee, kesho kizee wa kike anayechuma mboga, keshokutwa mnyama. Waliotumwa kumkamata walifika wakamsalimu bibi mlangoni, wakamuuliza Gor yuko wapi, wakaelekezwa njia. Walipochoka kutafuta wakarudi, bibi hayupo na boma linacheka.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami kwenye jukwaa la mashabiki alinifafanulia kwa nini mganga huyo alifaa kuwa jina la timu. Ilikuwa dakika ya themanini, tunafungwa moja bila. "Kijana," alisema bila kunitazama, "mpinzani akidhani amemwona Gor, huyo siye." Tulifungwa la pili. Mzee akatulia kidogo, kisha akasema: "Leo amejibadilisha mpaka amesahau kurudi."

Toka Jerusalem kwenda Jericho

Kisa hiki wengi wanakijua toka shule ya Jumapili: mtu anasafiri toka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wanampiga na kumwacha hoi, kuhani anapita, Mlawi anapita, na anayesimama ni Msamaria, mtu wa kabila ambalo wasikilizaji wa Yesu hawakutaka hata kugawana naye maji. Kule kwenyewe njia ni ya kilomita kama ishirini na tano, na inateremka kwa kama mita elfu moja, kwa sababu Yeriko iko chini ya usawa wa bahari. Jangwa, mawe, makona. Mahali pazuri sana pa kuvizia.

Kwetu Jerusalem na Jericho ni mitaa jirani. Kwa miguu ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Lakini wanyang'anyi hawahitaji jangwa.

Jirani yetu mmoja alipigwa ngeta kwenye kichochoro kati ya mitaa hiyo, saa nne usiku, mwaka 2008, miezi michache baada ya zile vurugu za uchaguzi. Walichukua simu, viatu na mshahara, wakamwacha mtaroni. Alikuwa na fahamu. Alihesabu waliopita, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya: mmoja aliyeharakisha hatua, wawili waliovuka upande wa pili, na mwanamke aliyesema "pole" bila kupunguza mwendo, na huyo sisi hatukumlaumu. Wa tano alikuwa kijana wa mkokoteni akirudi toka sokoni, mkokoteni mtupu, magunia mawili yamekunjwa juu yake. Akamlaza kwenye magunia, akamsukuma hadi zahanati, akabishana na mlinzi, akaacha kitambulisho chake kama dhamana ya malipo.

Jirani alipotaja jina la kijana yule nyumbani, sebule ilinyamaza. Lilikuwa jina la upande ambao Januari ile baadhi yetu tuliokaa humo sebuleni tulikuwa tumesema wahame. Mama yake jirani ndiye aliyeinuka kwanza. Akaingia jikoni, akafunga sukari na unga kwenye mfuko, akauliza: "Anakaa wapi, nimpelekee?" Hakuna aliyejua. Kitambulisho kilikuwa kimeshachukuliwa.

Pumwani

Mwaka 1956 msichana wa miaka kumi na sita anashuka kwenye treni toka Kisumu. Anaitwa Paulina, na hajawahi kuwepo ila kwenye riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986. Macgoye mwenyewe alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa na Mjaluo, akabaki hadi kifo chake mwaka 2015.

Mumewe Paulina, Martin, ana chumba Pumwani. Paulina ana mimba, na siku chache baada ya kufika inaharibika; anapelekwa hospitali ya wazazi iliyo hapohapo Pumwani. Anaporuhusiwa kutoka, anaamua kwenda nyumbani peke yake. Nyumba iko karibu. Anapotea. Mji ni wa hali ya hatari, watu wanaogopana, kila mlango unafanana na mwenzake, na jina pekee alilo nalo ni la mume ambaye hakuna amjuaye. Anapofika hatimaye, Martin anampiga kwa kupotea kwake.

Nilikipenda kitabu hiki kabla ya kujua kwa nini. Sasa najua: kurasa zile za kupotea ni ramani ya Eastlands iliyochorwa na mtu ambaye vibao havimwambii kitu. Hakuna jina linalomsaidia. Mitaa ambayo makanga huiimba kila jioni, kwake ni ukuta baada ya ukuta. Na Macgoye hana haraka ya kumfikisha. Ukiwa umewahi kuwa mgeni Nairobi, ukashuka steji isiyo yako na begi la nailoni mkononi, utasoma sehemu hiyo polepole sana.

Donholm, mwisho wa njia

Mlowezi aliyekuwa na shamba lile la ng'ombe wa maziwa aliitwa Watson, Mskoti, na jina Doonholm alilitoa kwao Ayrshire, kando ya mto Doon. Sisi tumeiangusha "o" moja tukabaki na Donholm. Sasa, kwenye Doonholm ile ya kwanza kulikuwa na mtunza bustani maskini, na mtunza bustani huyo mwaka 1759 alipata mwana katika kijiji cha Alloway, karibu na hapo. Mwana akawa Robert Burns, mshairi mkubwa kuliko wote wa Uskoti, na utenzi wake mashuhuri, Tam o' Shanter, unatokea kwenye ukingo wa mto huohuo.

Nilimsimulia mpwa wangu siku moja tukiwa ndani ya gari. Tam, nilimwambia, ni mzee aliyekwenda sokoni akapitia baa.

"Kama Babu wa plot tatu?"

Kama huyo. Mkewe yuko nyumbani anaitunza hasira isipoe. Usiku wa manane, mvua ya radi, Tam anampanda farasi wake jike, Meg, na kurudi. Anapita kwenye gofu la kanisa la Alloway na kuona taa zinawaka. Anachungulia. Wachawi wanacheza ngoma, na Ibilisi mwenyewe ameketi dirishani akipuliza zumari la ngozi. Wachawi wote ni vizee, isipokuwa mmoja, kijana, amevaa kishati kilichokuwa kinamtosha alipokuwa mtoto. Anacheza kiasi kwamba Tam anajisahau na kupiga kelele ya kumshangilia.

Taa zinazimika. Kundi zima linamtokea. Meg anatimua mbio kuelekea daraja la mto Doon, kwa sababu wachawi, kila mtu wa Ayrshire anajua, hawawezi kuvuka maji yanayotiririka. Yule mwenye kishati yuko mbele ya wenzake. Meg anaruka katikati ya daraja, na mchawi anamdaka mkia. Tam akafika nyumbani mzima. Mkia ulibaki.

Gari lilikuwa limeshaipita Donholm, limesimama kwenye foleni juu ya daraja la Mto Ngong. Mpwa wangu akatoa kichwa dirishani akatazama chini. Maji yalikuwa meusi, na povu la kijivu lilikuwa limenasa kwenye tairi kuukuu.

"Anko," akauliza, "na haya nayo wachawi wanayaogopa?"

Mama aliyekaa mbele yetu, ambaye nilidhani amelala, akajibu bila kugeuka: "Haya hata Meg angekataa." Makanga akagonga bati mara mbili, na gari likasogea mita tano.